Mawe ya Korongo la Natome

Nairobi,
12 Februari 1984

Kwa dada yangu Asinyen,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye magari na makoti. Mimi ni mzima, ila mafua hayaniachi. Huku mvua hunyesha hata pasipo na mbuzi wa kuinywa, na watu wanailalamikia. Baba hajambo? Na goti la Mama? Baba mdogo Ikal bado anagombana na punda wake? Wasalimie wote. Watoto wako wa darasa la nne usiwachape sana, mimi pia nilikuwa mjinga.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka ule mfupa wa taya niliouokota mwaka jana kwenye korongo la Natome, ule uliosema unafanana na taya la Ikal? Wakubwa wamekubali kwamba ni wa mtu. Si nyani, ni mtu wa kale kabisa, aliyeishi kabla Waturkana na Wapokot hawajaanza kuibiana ng'ombe.

Unajua kazi yangu hapa ni kuchora ramani ya safari ya watu wa kwanza. Kila mahali mifupa yao ilipoonekana naweka nukta, kisha tunafuata nukta hizo kujua walipita wapi walipokuwa wakitoka pande hizi na kuenea duniani. Nukta ziko kusini, ziko mashariki ya Ziwa Turkana, ziko Uhabeshi. Upande wetu wa magharibi ni karatasi tupu. Mimi ndiye ninayeichora hiyo karatasi, dada, na kila siku mkono wangu unaruka nyumbani kwetu kama vile hapakuwahi kupita mtu.

Taya peke yake halitoshi. Mkubwa wangu, Profesa Nzuki, anasema mfupa uliookotwa juu ya ardhi ni mgeni asiyejulikana kwao. Huenda umeletwa na maji. Lazima tuchimbe palepale, tupate vipande vingine vikiwa bado vimelala kwenye udongo wao, chini ya lile tabaka la majivu ya volkano, kwa kuwa majivu ndiyo yanayotuambia umri. Udongo ukivurugwa kabla hatujafika, mambo yamekwisha na nukta sipati.

Siku ile niliacha rundo dogo la mawe kuonyesha mahali. Nasikia misheni wanajenga zahanati na wanazoa mawe kila wanapoyakuta. Mwambie Baba awakanye wachungaji wote, hata jiwe moja lisiguswe. Mtu mzima nakuomba kama mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Erupe


Lomosia,
20 Machi 1984

Kwa Erupe, mtoto wa mama,

Barua yako imefika ikiwa imekaliwa na mtu mnene, maana lori la misheni liliharibika njiani na abiria wakalala juu ya magunia ya posta. Sisi tupo. Kusema tupo mwaka huu ni kusema mengi. Mawingu yalikuja, yakatuchungulia, yakaenda zao. Mbuzi wanakufa. Tunakula mahindi ya njano ya msaada, ambayo Mama anasema Wazungu waliwapa kuku wao kwanza, kuku wakakataa. Watoto shuleni nikiwaambia fungueni vitabu wanatazama sufuria ya uji. Ikal na punda wake wamepatana, kwa kuwa punda amekufa.

Baba anakohoa. Anakohoa na kutukana kwa pamoja, kwa hiyo nguvu bado anazo. Nilimsomea barua yako mbele ya wote, nikigeuza kwa lugha yetu. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia hapo pa mawe."

Nikarudia.

"Kwani nani yuko chini ya hayo mawe?"

"Mtu wa kale, Baba."

"Wa ukoo gani?"

"Haijulikani."

"Alikuwa na watoto?"

Nikamwambia kwa maneno ya Erupe sisi sote ni watoto wake, hata Wazungu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, Mama akampiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema, "Watoto wote hao, na hakuna hata mmoja aliyemletea tumbaku!"

Kisha akawa hacheki tena. "Mwambie mwanangu kwamba rundo lisilo na mwenyewe ni mawe tu. Misheni watayachukua. Mtu anayewazibia watoto wa mbuzi upepo atayachukua. Mimi mwenyewe ningeyachukua. Mawe yasiyoguswa ni ya kaburi ambalo watoto wa marehemu wapo na wanajulikana."

"Apalokori, acha kumtisha mtoto," Mama akasema. Unajua Mama akimwita kwa jina la dume lake la ng'ombe la madoa ujue amekasirika.

Baba akatafuna tumbaku kwa muda. Halafu akasema, "Mwambie asihangaike. Hiyo kazi niachieni mimi."

Basi, kazi iko kwake. Wewe kanywe dawa ya mafua.

Dada yako,
Asinyen


Nairobi,
2 Mei 1984

Dada Asinyen,

Salamu za furaha leo! Mafua yamekwisha, na hata yangekuwepo nisingeyasikia. Poleni kwa mbuzi. Poleni sana. Ningekuwa na uwezo wa kuifunga mvua ya huku kwenye gunia ningeipakia kwenye lori la misheni.

Kibali kimetoka. Mwezi wa kumi kikosi cha uchimbaji kinakuja Natome na Profesa Nzuki mwenyewe. Nimemchorea njia yote, kila mkondo wa mchanga, mpaka kwenye rundo langu. Yeye si mtu wa kusifu watu, lakini jana alisimama nyuma yangu nikichora akasema, "Erupe, tukipata kipande kimoja tu ndani ya udongo, hii nukta utaiweka wewe kwa mkono wako." Usiku huo sikula kwa furaha. Nilimwazia mtu wa kwetu, amesimama juu ya Natome na kuangalia kaskazini kama tunavyoangalia sisi tukitafuta mawingu.

Mwambie Baba namshukuru. Nani kama yeye? Ila mwambie na hili: mbuzi wasipitishwe hapo kabisa. Kwato zinavuruga udongo kuliko jembe. Afadhali misheni wachukue mawe yote kuliko kundi moja kulala pale.

Nimemtumia Baba tumbaku ya kopo, ile kali. Mwambie asiimalize kwa siku moja.

Mdogo wako,
Erupe


Lomosia,
10 Juni 1984

Kwa Erupe,

Tumepata barua na kopo. Mama anakusalimu, goti linamsumbua lakini anatembea. Ikal anakusalimu. Mke wa Ikal amejifungua msichana, wamemwita jina la nyanya yetu. Watoto wa darasa la nne wanakusalimu, wamebaki wachache, wengine wamefuata wazazi wao kwenye kambi ya chakula. Wale niliobaki nao sasa wanajua kuchora ramani ya Afrika, ingawa mmoja ameiweka Lomosia katikati na kuifanya kubwa kuliko Misri. Nimempa alama zote.

Mawe yako yapo. Ni mengi kuliko ulivyoyaacha. Hakuna anayeyagusa, hata misheni wanapita mbali.

Tumbaku imepelekwa kwa Baba.

Upepo ni mwingi na macho yananiuma, kwa hiyo naishia hapa.

Asinyen


Nairobi,
15 Julai 1984

Dada,

Habari za huko? Hongera kwa Ikal. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Wewe ambaye huniandikia kurasa nne kuhusu punda, safari hii umeniandikia kama mtu anayelipia maneno. Umenisalimia kwa niaba ya Mama, ya Ikal, ya mtoto mchanga ambaye hajui hata kulia vizuri. Baba hakunisalimu. Baba hajawahi kuacha nafasi ya kunitukana kwenye barua.

Halafu mawe. Mengi kuliko nilivyoyaacha? Nani aliyaongeza, na kwa nini? Mimi niliacha rundo la kufika gotini.

Nilijaribu kumchekesha mwenzangu wa ofisini kwa habari ya yule mtoto na ramani yake, nikajikuta sicheki. Dada, niambie. Hata kama ni baya. Mimi si mtoto wa darasa la nne.

Erupe


Lomosia,
9 Agosti 1984

Erupe, ndugu yangu,

Kaa chini usome. Sina salamu za kutanguliza leo.

Baba amefariki. Alifariki mwezi wa nne, kabla ya ile barua yako ya kibali. Kikohozi kilimshuka kifuani, na zahanati ya misheni bado ilikuwa kuta bila paa. Alikataza usiambiwe. Alisema, "Akiambiwa ataacha kazi aje kulia, na kulia hata wasiosoma wanaweza." Nikaapa. Nilipofunga bahasha ile ya mwezi wa sita nilijua utajua.

Sasa nakuambia lile lililonishinda zaidi.

Siku kadhaa zilipita baada ya barua yako ya kwanza. Kisha Baba akawaita Ikal na vijana akasema, "Hamisheni zizi. Tunahamia Natome, kwenye mawe ya Erupe." Ikal akamwambia pale hakuna majani. Baba akamjibu, "Kwani hapa majani yako wapi?" Tukahama. Zizi likajengwa, rundo lako likiwa katikati, na mbuzi waliobaki wakalala hapo. Mimi nilikuwa shuleni, nilikuta miiba imekwisha simikwa. Nilidhani anataka tu kuwa karibu, awafukuze misheni kwa fimbo yake.

Unajua mzee huzikwa wapi. Huzikwa ndani ya zizi lake, kati ya mbuzi wake. Ndivyo alivyokuwa amepanga. Alipoona siku zake zimekwisha akamwonyesha Ikal kwa kidole: "Hapo. Chini ya mawe ya mwanangu. Nikilala hapo, yule mtu wa kale atakuwa na mwenyewe, na hakuna mtu wa Turkana nzima atakayegusa jiwe." Alisema hivyo akitabasamu, Erupe. Alifurahi kama mtu aliyepata dawa.

Nilifika siku ya mazishi wakati shimo limeshachimbwa. Walikuwa wamepita ule udongo mwekundu, wakapita majivu ya kijivu uliyonionyesha, wakaenda chini. Ikal akasema wamekuta vitu. Mama alikuwa ameviweka kwenye ngozi: meno meusi, na kipande kikubwa cha mviringo kama kifuu kilichopasuka. Nilivijua mara moja. Nikafungua mdomo. Lakini Baba alikuwa amelala pale amefunikwa ngozi ya dume lake, Mama amepiga magoti pembeni yake, naye akasema, "Hivi ndivyo vitu vya Erupe. Tusiviache juu vikaibiwa. Mpeni Baba avishike mwenyewe." Wakaviweka mikononi mwake, wakafukia.

Ningesema nini? Niambie wewe uliyesoma kunizidi, ningesema nini?

Tumbaku yako niliimwaga juu ya mawe, kopo zima. Kafara ya kumaliza msiba inakusubiri, maana wewe ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Lakini yule dume wa kafara tumemla. Njaa haina adabu.

Asinyen


Nairobi,
28 Septemba 1984

Dada Asinyen,

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa kila nilipoandika "Baba" kalamu iligoma. Poleni. Mpe pole Mama kwa maneno yako, yangu hayafai. Nimenyoa nywele hapa peke yangu, mbele ya kioo cha bafuni. Watu ofisini wananiuliza kama ni joto.

Natamani kukasirika na sijui nimkasirikie nani. Baba alifanya nilichomwomba. Niliomba mawe yasiguswe, naye alitoa mwili wake ili yasiguswe. Kuna mwana aliyewahi kusikilizwa hivyo na baba yake? Na katika kunisikiliza ameivuruga ile ardhi yote niliyokuwa naitegemea. Mbuzi wamelala juu, jembe limepita katikati ya majivu, udongo wa chini umekuja juu. Maji yamekwisha mwagika.

Ila si yote. Nakuambia wewe peke yako. Kile kifuu ulichokiona huenda ni fuvu la mwenye taya. Kama kipo, na kama udongo wake wa asili bado umegandamana nacho, taya langu lina kwao. Watu wanatafuta kitu kama hicho maisha yao yote na wanakufa bila kukiona. Mimi najua kiko wapi. Kiko mikononi mwa Baba.

Profesa bado hajui lolote. Nimekaa naye meza moja kila siku na sijamwambia hata kwamba nimefiwa. Nikimwambia nimefiwa ataniuliza baba amezikwa wapi.

Lori linaondoka tarehe nane mwezi wa kumi. Mimi sitakuwemo. Usiniulize sababu, maana sina ya kukupa. Mama asiambiwe kitu. Aendelee kujua kwamba kaburi la Baba lilisaidia.

Erupe


Lomosia,
4 Novemba 1984

Kwa Erupe,

Salamu za hapa ni vumbi. Mvua ndogo ilinyesha, ikatosha kuwalowesha mbuzi waliobaki, wengine wakafa kwa baridi. Mtoto wa Ikal anakaa sasa. Mama mzima.

Lori limekuja. Mama alisikia mlio wake toka mbali akavaa shanga zake zote, akaenda kusimama njiani. Lilipopita alihesabu vichwa vya watu, kisha akaniangalia. Nilimwambia umebaki kuangalia kazi. Nimekuwa mwongo mara ya pili kwa ajili yako, Erupe, na safari hii hakuna hata aliyeniapisha.

Profesa wako ni mzee mpole mwenye kofia mbaya. Alisimama nje ya zizi na ramani yako mkononi, akitazama karatasi, akitazama ardhi, akitazama karatasi. Aliinama akaokota kinyesi cha mbuzi akakivunja kwa vidole. Wale vijana wake walikuwa wanaangalia miguu yao. Wanaijua kazi, waliona.

"Mwalimu," akaniambia, "hili zizi ni la nani?"

"Letu."

"Na hili kaburi?"

"La baba yetu."

Akavua kofia. "Pole sana. Jina la marehemu, tafadhali? Niliandike tu, tusije tukasumbua bila heshima."

"Lokuwam."

Kalamu ikasimama. "Lokuwam? Huyu wangu ni Erupe Lokuwam."

"Ni huyohuyo. Hatuna mwingine."

"Hakutuambia," akasema. "Alisema ana malaria."

"Basi anaumwa," nikamjibu.

Alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake safi. Mama akamletea chai, ile ya mwisho ya sukari tuliyokuwa nayo, akachuchumaa mbele yake na kuanza kumweleza kwa lugha yetu, kwa furaha, mikono yake yote miwili ikieleza pamoja na mdomo. "Mwambie mzee huyu asiwe na hofu. Asidhani vimepotea. Vitu vyote vya Erupe vipo, meno, na kile cha mviringo, vyote viko kwa mwenyewe. Mwambie mume wangu amevishika."

Profesa akanigeukia. "Anasemaje mama?"

Nikamwambia, "Anasema karibu chai."

"Mbona ni maneno mengi hivyo?"

"Kwetu chai ni maneno mengi."

Alicheka kidogo akanywa. Mama akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. Akaridhika. Anashangaa tu kwa nini mzee hakumshukuru.

Walizungukazunguka korongo siku mbili, wakaondoka na mifuko ya udongo wa mahali pengine. Mama aliwasindikiza, na kila aliyepanda lori alimpa mkono. Sasa kila akipita Natome anaongeza jiwe. Anabeba kutoka mbali, na goti lile. Nikimwambia yanatosha ananiuliza, "Erupe amesema yanatosha?"

Njoo nyumbani. Au usije. Lakini nipe neno moja ambalo si la uongo nimpelekee.

Asinyen


Nairobi,
17 Februari 1985

Dada,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Ikal na kwa binti yake ambaye labda atatembea kabla sijamwona. Nina afya.

Profesa aliporudi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alifunga mlango, akaweka kofia yake mezani, akasema, "Ningekupa likizo, kijana. Ningekupa gari." Sikuweza kumtazama. Kisha akasema kwa kuwa udongo umevurugwa, taya litaandikwa kama kitu kilichookotwa, na ramani itachapwa bila nukta ya Natome. Akaniuliza kama kuna lolote nataka kuongeza.

Lilikuwa neno moja tu, dada. "Vimo." Ningelisema, zingeandikwa barua, serikali ingeombwa ruhusa, na mwisho wangeniletea mimi mtoto wa kwanza wa kiume karatasi nikubali. Na mimi sijui kama ningekataa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilimwona Baba, nikamwona mtu wa kwanza aliyepita kwetu, na wote wawili walikuwa wamelala mahali pamoja, na sikuweza kumwamsha mmoja bila mwingine.

Nikasema, "Hapana, Profesa. Hakuna."

Ile nukta nilikuwa nimeiweka kwa penseli, hafifu, mwaka jana nilipokuwa na furaha. Niliifuta mwenyewe. Ramani imechapwa. Mstari unapanda mashariki ya Ziwa, unaruka upande wetu, unakwenda Uhabeshi na kutokomea duniani. Wote wanaisifu. Nimekutumia moja, si ya kufurahia, ni kwamba nilikuahidi ya kubandika darasani.

Unasema nije. Kafara inataka mtoto wa marehemu, na mimi nikisimama mbele ya yale mawe nitakuwa nasali au nitakuwa nayapima? Mpaka nijue, niacheni.

Erupe


Lomosia,
21 Aprili 1985

Kwa Erupe, mtoto wa mama,

Tumepata mvua. Naandika hilo kwanza kwa sababu ulizoea kuuliza. Imenyesha kweli, makorongo yameteremsha maji, na majani yameota hata juu ya paa la zahanati. Wanyama wa kuyala ndio hawapo. Mbuzi wa Mama waliobaki unaweza kuwaita kwa majina bila kuvuta pumzi. Binti wa Ikal anatembea, na anatembea kuelekea kwenye maji tu. Kafara imefanywa na Ikal kwa niaba yako, kwa mbuzi wa kuazima. Wazee walinung'unika, kisha wakala. Hakuna aliyekulaani, hilo nilisimamia.

Ramani imefika. Ni nzuri. Mkono wako naujua hata ukichapwa.

Nilitaka kuificha. Lakini Mama aliiona bahasha, akasema, "Hiyo ndiyo ile kazi. Fungua." Aliitandika mwenyewe juu ya ngozi, akaweka mawe kwenye pembe zisipeperuke, akawaita Ikal na majirani waje waone. Wakazunguka wote. Mama akasema, "Asinyen, nionyeshe Apalokori wangu alipo."

Erupe, nilitafuta. Nilijua hakuna kitu na bado nilitafuta, kama mtoto anayetafuta jibu kwenye daftari ambalo hakuandika. Nilionyesha Ziwa. Nilionyesha Lodwar. Mama akasema, "Hapo najua. Yeye yuko wapi?" Alikuwa amekwisha nyoosha kidole chake tayari kukiweka.

Nikasema wino umefifia njiani. Nikaingia ndani nikachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikaweka nukta pale Natome ilipo. Nimeharibu ramani yako na sitaomba msamaha.

Mama akaweka kidole juu yake, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Aliwaambia watu jinsi mume wake alivyolinda kazi ya mwanawe, na wakasema kweli, kweli. Ikal alilia. Halafu Mama akaanza kuangalia sehemu nyingine za karatasi, zile nukta nyeusi ulizoziweka wewe, za kusini, za ng'ambo ya Ziwa, za Uhabeshi, na zile chache za mbali kule ambako sijui hata majina. Alizigusa zote polepole, moja baada ya nyingine, uso wake ukaanza kubadilika kwa huruma.

"Na hawa wengine wote," akaniuliza, "walikuwa baba za nani?"

Nilimwambia nitakuuliza. Ananiuliza tena kila siku, na anataka jibu litoke kwako.

Asinyen